Ubovu Namba Mbili

Kambi ya Barabara
14 Januari

Mama Kifaranga, mke wangu,

Salamu nyingi. Anayekuletea barua hii ni yule dereva wa lori la kokoto, shemeji yako wa kujitakia, anayecheka kabla hajamaliza kusema. Mpe maji ya kunywa lakini usimpe kiti, atakaa mpaka lori liote kutu.

Ndani ya bahasha kuna pesa ya kipimo. Ni yote. Ni miezi minne ya kushindilia lami, na usiniulize nakula nini.

Sasa nisikilize. Daktari wa masikio anafika hospitali yetu mara mbili tu kwa mwaka. Safari hii anakuja tarehe 20 Machi. Jina la mtoto nililiandikisha mwenyewe nilipokuwa likizo, lakini nafasi isipolipiwa dirishani kabla ya tarehe 10 Machi anapewa mtoto mwingine, nasi tunangoja mpaka Septemba.

Najua hatukuelewana juu ya jambo hili. Wewe ulisema mtoto alikuwa amezama kwenye mchezo. Mimi nilikuwa pale. Mfuniko wa sufuria ulianguka nyuma yake kwenye saruji, paka akaruka dirishani, hata mimi nikashtuka, na mtoto hakugeuka. Anakwenda miaka mitatu na hajaniita baba. Mama yangu anasema hata mimi nilichelewa kusema, na nilipoanza hawakuweza kuninyamazisha. Naomba iwe hivyo. Lakini tupime kwanza.

Mbusu kisogoni, pale anapopapenda.

Mumeo,
Baba Kifaranga


Nyumbani
3 Februari

Kwa Mwenye Duka la Vyombo vya Muziki,

Habari za kazi. Mimi ni mteja wenu. Tarehe 24 Januari nilifika dukani kwenu na mtoto mgongoni, nikanunua spika moja nyeusi, ile kubwa yenye redio ndani na wavu mbele. Risiti ninayo. Nilirudi nayo kwa basi nimeipakata, mtoto mgongoni na spika magotini, kondakta akaniuliza kama ni pacha.

Nasikitika kuwaambia kwamba spika hiyo haifanyi kazi kama nilivyoahidiwa. Nimeijaribu siku tisa. Nimeiweka mezani, nimeiweka chini, nimeigeuza huku na huku. Haifiki.

Naomba kurudishiwa pesa yangu kabla ya tarehe 10 Machi, kwa sababu ilikuwa ya kazi nyingine ambayo haiwezi kungoja. Nilipopiga simu niliambiwa malalamiko ni kwa maandishi tu. Shule niliishia darasa la sita, kwa hiyo mtanisamehe mwandiko.

Ni mimi,
Mama Kifaranga


Kumb. Na. ML/41
9 Februari

Kwa Mteja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU SPIKA

Rejea barua yako ya tarehe 3 Februari. Duka linapenda kukufahamisha kwamba neno "haifiki" halimo katika orodha ya ubovu unaotambuliwa. Pesa hurudishwa endapo chombo kitathibitika kuwa na mojawapo ya yafuatayo: namba moja, hakiwaki, namba mbili, kinakwaruza, namba tatu, kinakatakata sauti, namba nne, kinatoa moshi.

Tafadhali taja namba, kisha utume chombo kwa ofisi ya vifurushi pamoja na risiti yake ili fundi wetu akipime. Wateja wanakumbushwa kuwa kumwagikiwa na chai si ubovu.

Wako katika huduma,
Karani wa Malalamiko
kwa niaba ya Mwenye Duka


Nyumbani
11 Februari

Baba Kifaranga, mume wangu,

Barua zako mbili na bahasha vilifika salama. Shemeji nilimpa maji, kiti alijipa mwenyewe.

Usiwe na wasiwasi wa pesa. Ipo mahali panapojulikana, na tarehe 10 haijafika. Huku hatujambo. Mama yako alikuja Jumapili, akamtazama mtoto meno, akasema anafanana nawe hata ubishi.

Nina habari nzuri. Juzi kulikuwa na muziki hapa jirani na Kifaranga alicheka. Si kile kicheko chake cha pumzi, alicheka kwa sauti, mpaka akakaa chini. Kama ungekuwepo ungeniomba radhi. Sisemi tusiende kwa daktari. Nasema tu kwamba labda tutakwenda tukarudi tunacheka, na wewe utakuwa umeshindilia lami miezi minne ili daktari atuambie mtoto ni mkaidi.

Kula vizuri.

Mkeo


Nyumbani
13 Februari

Kwa Karani wa Malalamiko,

Barua yako nimeisoma mara tatu kutafuta namba yangu na sikuiona. Spika inawaka. Haikwaruzi. Haikatakati sauti, na moshi haina. Inalia mpaka mkasi wa jirani yangu mshonaji, upande wa pili wa ukuta, unatembea wenyewe mezani na kuanguka. Alikuja kuniuliza kama nimefungua ukumbi.

Kwa hiyo bora niseme ukweli, maana kwa kuficha naona hatutaelewana.

Nina mtoto wa kike, anakaribia miaka mitatu. Tunamwita Kifaranga kwa sababu habanduki kwenye visigino vyangu. Nikigeuka ghafla namkanyaga. Watu husema ananifuata kwa mapenzi. Mimi nimeshajua siku nyingi kwamba ananifuata kwa sababu akinipoteza machoni amenipoteza kabisa. Nikimwita hageuki.

Siku ile dukani kwenu nilimkuta mtu mzima mwenye koti la bluu la kazi, anapangusa vumbi. Nilimwuliza kwa maneno haya haya: "Mtoto asiyesikia vizuri, hii ataisikia?" Akacheka, akaipiga spika kofi la mgongo kama mtu anayesifu ng'ombe wake. Akasema, "Mama, hii hata kiziwi anaisikia." Nikamwuliza mara ya pili, kwa sababu pesa niliyoishika haikuwa ya kuchezea. Akasema tena vile vile. Nikalipa.

Siku ya kwanza Kifaranga alikuwa ameiegemea nilipoiwasha. Akashtuka, akageuka, akaikumbatia. Akabandika tumbo pale mbele kwenye wavu na kucheka kicheko ambacho sijawahi kukisikia kwake, cha kutoka chini kabisa. Nilikaa sakafuni nikalia. Nikamwita mshonaji aje aone mtoto anasikia. Yeye ni mama wa maneno machache. Alitazama kidogo, akaniambia nimwondoe pale. Tukamkalisha mkekani hatua tano, mgongo umeelekea spika, tukampa kopo la vifungo. Nikazungusha sauti mpaka mwisho. Mshonaji akaziba masikio kwa vidole. Kifaranga akaendelea kupanga vifungo vyake, vyekundu huku, vyeupe huku.

Nilirudia kila siku. Nilibadilisha stesheni, nikidhani labda hapendi taarifa ya habari.

Hilo ndilo kosa la spika yenu. Haifanyi kazi niliyoinunulia, na niliyemwuliza kabla ya kulipa aliniambia itaifanya. Pesa ile ilikuwa ya kumpima mtoto masikio, na baba yake hajui kama nimeitumia. Spika naituma leo, nimeipangusa. Alama za vidole kwenye wavu ni za mtoto, zimegoma kutoka.

Mama Kifaranga


Kumb. Na. ML/41
21 Februari

Kwa Mteja,

YAH: MATOKEO YA KIPIMO CHA SPIKA

Chombo kimepokelewa na kupimwa. Kimeonekana kuwa kizima kwa kiwango cha kuridhisha. Kuhusu maneno unayodai kuambiwa, Duka linakujulisha kuwa maneno ya mdomo ya kusifu bidhaa hayamo kwenye risiti, na kisichomo kwenye risiti hakidaiwi. Aidha, hali ya msikilizaji si hali ya chombo.

Kwa hiyo maombi yako hayakukubaliwa. Unaombwa kuchukua chombo chako ndani ya siku thelathini.

Wako katika huduma,
Karani wa Malalamiko
kwa niaba ya Mwenye Duka


Karakana, nyuma ya duka
22 Februari

Mama Kifaranga,

Mwenye koti la bluu ni mimi. Si muuzaji, ni fundi. Siku ile muuzaji alikuwa amekwenda kula, nikamshikia nafasi. Barua yako waliitia ndani ya sanduku pamoja na spika ili nijue cha kupima. Nimeisoma nimesimama, halafu nimekaa nikaisoma tena.

Nilisema maneno yale. Sitajifanya nimesahau. Watu huja na utani huo kila wiki, bibi yetu ni kiziwi, je, hii ataisikia, nami nina jibu moja kwa wote, wanacheka na kulipa. Nilidhani nawe unatania, au unamsema mama mkwe. Mtoto mgongoni sikumtazama. Ulipouliza mara ya pili nilikuwa tayari natafuta kamba ya kufungia.

Kwa kuwa nilikwambia uongo pale kaunta, acha nikwambie kweli hapa. Miaka ishirini na miwili nimepima spika, sikio la kulia limekwisha na la kushoto linalifuata. Siku hizi napima kwa kiganja. Naweka mkono mbele ya wavu, mtikisiko unaniambia kama ni nzima au mbovu. Alichokifanya mwanao kwa tumbo ndicho ninachokifanya mimi kwa mkono. Hakusikia, mwanangu. Alitikiswa.

Karani hana ubaya na wewe, anafuata orodha yake. Lakini anayempa majibu ni mimi, na mwenye duka haingii karakana, anaogopa vumbi. Nyuma ya ule wavu kuna karatasi pana, ndiyo inayotoa sauti. Ikichanika upana wa ukucha, spika yote inakwaruza. Andika barua nyingine kwa karani, useme umekosea na ubovu ni namba mbili. Mimi nitaifanya iwe kweli. Ni kazi ya nusu dakika na wembe.

Ukishasoma, choma.

Fundi


Nyumbani
26 Februari

Mzee Fundi,

Sijaichoma. Niliikasirikia, nikaisukuma chini ya godoro, nikaitoa tena.

Ulicheka. Mimi nilidhani unacheka kwa sababu umefurahi kwa ajili yangu. Njia nzima kwenye basi nilikuwa nakuombea dua, wewe na koti lako.

Nataka kukuuliza kitu kimoja, unijibu kifundi. Hilo la kutikiswa. Haiwezekani mtu akaanza kwa kutikiswa, halafu polepole, kwa kuzoea, ikapanda kutoka tumboni ikafika masikioni? Labda siku tisa zilikuwa chache. Kama inawezekana niandikie hata mstari mmoja. Kama haiwezekani usiniandikie kitu, nitaelewa.

Kuhusu wembe. Tangu spika iondoke, Kifaranga anakwenda kwenye kona ilipokuwa, anasimama pale. Nilikuwa nimeshaandika usiichane, nikafuta, ndiyo maana karatasi imetoboka hapa. Tarehe 10 haijui mambo ya kona.

Ichane.

Mama Kifaranga


Nyumbani
26 Februari

Kwa Karani wa Malalamiko,

Nilikosea. Namba yangu ni mbili. Inakwaruza.

Yale mengine niliyoandika juu ya mtoto yaache.

Mama Kifaranga


Kumb. Na. ML/41
4 Machi

Kwa Mteja,

YAH: KURUDISHIWA PESA

Rejea barua yako ya tarehe 26 Februari. Chombo kimepimwa upya mbele yangu na kimethibitika kuwa na ubovu namba mbili. Maombi yako yamekubaliwa. Pesa yako yote utaichukua ofisi ya vifurushi kuanzia tarehe 7 Machi kwa kuonyesha barua hii.

Kwa mujibu wa utaratibu, chombo kibovu hakirudi rafuni wala hakiuzwi. Kitavunjwa tarehe 18 Machi mbele ya Mwenye Duka.

Wako katika huduma,
Karani wa Malalamiko
kwa niaba ya Mwenye Duka

Hapa chini siandiki kwa niaba ya mtu. Fundi ametoka karakana leo hajaniaga, na si kawaida yake. Natumaini mtoto hajambo.


Kambi ya Barabara
9 Machi

Mama Kifaranga,

Sina salamu leo.

Dereva amerudi. Amecheka kama kawaida yake, kisha akasema nyumba yangu siku hizi ina raha, kuna spika mpya kubwa kama jeneza la mbwa, ameiona kwa macho yake alipoleta barua yangu ya pili mwishoni mwa Januari, na ilikuwa inalia mpaka barabarani. Watu wote kambini wakacheka. Nami nikacheka, maana ningefanya nini.

Nikaitoa barua yako. Kulikuwa na muziki hapa jirani. Jirani yupi? Mshonaji ana cherehani, hana spika. Na kama imenunuliwa, imenunuliwa kwa pesa ipi, na kama haikununuliwa, imeletwa na nani?

Mimi hapa nalala na watu kumi na wawili chumba kimoja. Kiatu changu cha kushoto nimekifunga kwa waya. Sikuoni, siwezi kukusikia ukiongea nikajua kama unanidanganya. Nina karatasi zako tu, na karatasi yako imenidanganya.

Niambie kitu kimoja. Kipimo umelipia au hukulipia?

Mimi


Nyumbani
21 Machi

Baba Kifaranga,

Nimelipia. Tarehe 8, dirishani, risiti nimeishona ndani ya pindo la kanga. Na jana tulikwenda.

Nitaanza na spika, maana nikianza na jana sitaweza kurudi nyuma.

Spika nilinunua mimi, kwa pesa yako, yote, siku kumi baada ya wewe kuituma. Hakuna mtu aliyeileta. Muziki wa jirani ulikuwa wa kwetu. Mtu wa dukani aliniambia hata kiziwi anaisikia na nikamwamini, kwa sababu nilitoka nyumbani nikiwa nimeshaamua kumwamini yeyote atakayesema hivyo. Si kwamba sikutaka kumpeleka mtoto kwa daktari. Nilitaka nimpeleke anasikia. Nilisema akipata kitu chenye nguvu cha kumwamsha masikio, tukifika kwa daktari atakuwa amekwisha amka, nawe utaona nilikuwa sahihi kuhusu ule mfuniko.

Pesa nimeirudisha kwa kumdanganya karani, na mtu mmoja akaiharibu spika kwa ajili yangu. Kwa hiyo si wewe peke yako niliyekudanganya. Naona nimezoea.

Sasa ya jana.

Chumba kina kuta za sponji. Ukiongea humo, maneno yanakufa kwenye meno. Daktari ni kijana, ana mikono ya baridi, alimwomba Kifaranga radhi kwa baridi yake kabla ya kumshika, nikampenda kwa hilo. Akamvalisha visahani masikioni. Mbele yake akaweka wanasesere wawili wa mbao, kila akisikia aweke mmoja ndani ya kikapu. Kifaranga akawaweka wote wawili kikapuni kabla hawajaanza, akamtazama daktari akisubiri kazi nyingine. Wakabadilisha, wakambandika nyaya kichwani, akasinzia kifuani kwangu huku mashine ikimpigia kelele ambazo mimi nilizisikia kwa mbali kupitia nywele zake.

Mashine inachora mstari. Nilikuwa nautazama. Mstari wa mtu anayesikia unakwenda juu, daktari alinionyesha wa mtoto mwingine. Wa kwetu ulishuka mpaka chini ya karatasi ukatembea pale pale chini, sikio la kulia na la kushoto. Nikauliza kama karatasi imekwisha. Akasema, "Karatasi haijakwisha, mama. Hasikii kabisa."

Akaniuliza tangu lini. Nilitaka kusema sijui. Nikasema tangu alipozaliwa, na kwamba nilijua siku ya arobaini, mlango ulipopigwa na upepo na yeye hakukunja hata ngumi. Sikuwahi kumwambia mtu. Wewe ni wa pili kujua baada ya daktari.

Vifaa vya masikio alivyo navyo daktari, anasema havitamfaa mtoto. Ipo shule ya watoto kama yeye, wanapokea kuanzia miaka sita. Amesema tutafute namna ya kuongea naye kwa mikono kabla ya hapo. Nikamwuliza namna ipi. Akaandika anwani ya shule nyuma ya karatasi ile ya mstari, akaita mtoto mwingine.

Na kuna jambo moja bado. Tulipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja kwenye ile kona. Akabandika tumbo ukutani, akangoja. Kisha akanigeukia, akajipiga tumbo kwa viganja vyote viwili, pa pa, akanyoosha kidole kwenye kona. Akarudia. Nilidhani ana njaa, nikampa uji, akausukuma. Pa pa, kona. Mshonaji alikuwa mlangoni. Akasema, "Anakwambia spika."

Miaka mitatu nimengoja aseme neno, na ndilo hilo.

Kasirika tu, una haki. Lakini rudi.

Mkeo


Nyumbani
22 Machi

Mzee Fundi,

Hukuniandikia, nami nilielewa. Daktari amesema kama ulivyosema.

Naomba ile spika. Najua pesa nimechukua, nitailipa kidogo kidogo, mshonaji amenipa kazi ya kutia vifungo. Haidhuru kama imechanika. Haidhuru inavyokwaruza, huku kwetu hakuna atakayejua tofauti. Iliyoharibika hivyo hivyo inatutosha. Utaratibu ulisema tarehe 18 lakini utaratibu huwa unachelewa, sivyo? Naomba uwe umechelewa.

Mama Kifaranga


Kambi ya Barabara
29 Machi

Mke wangu,

Nimesoma. Dereva aliniuliza habari za nyumbani, nikamwambia nzuri, akacheka, nikashindwa kumpiga.

Nilipokuwa na hasira na wewe nilikuwa nimepumzika kuogopa. Sasa hasira imekwisha, nimebaki na kile kingine. Siku ya arobaini, kumbe. Ulikaa nalo muda wote huo peke yako, na mimi nakuja likizo nabishana nawe juu ya mfuniko wa sufuria.

Ruhusa nimeomba, mkandarasi amesema mwisho wa Mei. Huku nilikuwa najizoeza sauti ya kumwitia mtoto, nyembamba kidogo ili asishtuke. Sijui niifanyie nini sasa sauti hiyo.

Spika ile, kama inarudi, irudishe. Sitauliza pesa.

Mumeo


Karakana
1 Aprili

Mama Kifaranga,

Haikuchelewa. Tarehe 18 saa nne asubuhi, uani, mwenye duka alisimama mbali, kitambaa puani, na karani alikuwepo na daftari lake. Aliyeshika nyundo ni mimi, ndiyo kazi yangu. Ilivunjika vipande visivyoungika. Barua yako ilifika siku saba baadaye.

Hapa dukani zipo nyingine kama ile, nzima. Bei unaijua. Sina maneno ya kukuuzia tena.

Swali lako la Februari nililiona. Niliandika majibu mawili nikayachana yote.

Fundi


Nyumbani
6 Aprili

Baba Kifaranga,

Spika haipo tena. Waliivunja kabla sijaiomba. Fundi ameniambia kweli, safari hii kabla sijamwuliza mara mbili.

Kifaranga haachi. Asubuhi akiamka, mchana akitoka kwa mshonaji, anakuja mbele yangu na kujipiga tumbo, pa pa, na kidole kwenye kona. Wiki nzima nilikuwa nageuza uso. Nikigeuka ananizunguka, anakuja upande mwingine. Unajua ubishi wake, ni wako.

Jana nilipiga magoti mbele yake. Nikajipiga tumbo kama yeye, pa pa, halafu nikafungua mikono yote miwili nikamwonyesha, mitupu. Nikafungua kabati nikamwonyesha. Nikainua godoro. Kila mahali nikajipiga tumbo, nikafungua mikono.

Aliitazama mikono yangu. Akaenda kwenye kona, akagusa ukuta kwa kiganja, akarudi. Akajipiga tumbo. Kisha akafungua mikono yake, midogo vile, akanionyesha.

Halafu akachukua ile picha yako ya kitambulisho iliyo kwenye fremu, akaniletea, akafungua mikono.

Sasa ana maneno mawili.

Mkeo